Nani Hasa Hulipiwa Chuoni? Mafunzo Kutoka Nyeri

Wahenga walisema kutangulia si kufika. Lakini katika mambo ya shule nchini mwetu, yule aliyetangulia aghalabu ndiye afikaye, na akifika hukuta kiti chake kimekwisha pangwa. Kila mwaka, majina ya wanaokwenda vyuo vikuu yanapotolewa, wako vijana wetu wa Mombasa, Kwale, Kilifi, Lamu na Tana River ambao hujikuta wamepangiwa vyuo vilivyo chini ya Mlima Kenya. Mzazi ambaye hajapata kuvuka Nairobi huanza kuuliza: Nyeri iko wapi? Kuna baridi kiasi gani? Msikiti uko? Mtoto atakula nini?

Maswali haya ni ya haki, na majibu yake si magumu. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 480, kisha kama 150 nyingine hadi Nyeri. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa Julai baridi yake haichezi na mtu aliyezoea shuka moja. Msikiti uko, tena Uislamu haukufika Nyeri jana. Chakula kipo, ingawa atakayetafuta mbaazi na mahamri asubuhi itambidi asubiri likizo.

Ninalotaka kulizungumza hapa ni swali jingine, ambalo wazazi hawaliulizi kwa sauti. Mtoto wangu ataketi na nani darasani, na hao wenziwe walipitia njia gani hadi kufika pale? Huko barazani kwetu watu hubishana sana kama chuo cha serikali ni bora kuliko chuo cha kulipia, ama kinyume chake. Mimi naona ubishi huo umekaa upande. Tabaka la mtu halianzi kuonekana kwa chuo alichoingia. Lilikwisha amuliwa miaka kumi na zaidi kabla, katika shule ya msingi, na Nyeri na miji jirani yake ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hilo.

VYUO CHINI YA MLIMA

Tuanze kwa kuvitaja. Kilomita chache nje ya mji wa Nyeri, kando ya barabara ya kwenda Mweiga, kiko Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilichopewa hati yake ya kujitegemea Desemba 2012. Ukirudi upande wa kusini kipo Chuo Kikuu cha Karatina, kilichokuwa tawi la Moi na kikajitegemea 2013. Mwaka huo huo vilijitegemea Chuka, kilichokuwa chini ya Egerton, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Embu, Kirinyaga na Murang'a vilipewa hati zao 2016. Vyote hivyo ni vya umma.

Vya kulipia navyo havikosi. Meru kuna Chuo Kikuu cha Methodisti, kilichopata hati 2006, na tukishuka hadi Thika tunakikuta Chuo Kikuu cha Mount Kenya, ambacho ni mali ya watu binafsi, kilichopata hati 2011.

Basi katika muda wa miaka kumi hivi, nchi iliyokuwa ya kahawa na majani chai imegeuka kuwa nchi ya vyuo pia. Mkulima aliyepanda migunia na mahindi nyuma ya nyumba sasa amejenga vyumba vya kupangisha wanafunzi. Mwenye gari la abiria anaijua kalenda ya chuo kama anavyoujua msimu wa mvua. Neema hiyo si haba. Lakini neema inapoingia mahali yafaa tutazame inagawanywa vipi.

SHULE ZILIZOKUWA ZA WATU

Nyeri haikuanza juzi kubishana juu ya nani mwenye shule. Wamisheni wa Kiskoti walikuwa Tumutumu, karibu na Karatina, na mapadri wa Kiitaliano wa Consolata walikuwa Mathari, nje kidogo ya mji. Aliyetaka kusoma ilimbidi apitie kwao, na masharti yalikuwa yao.

Mwaka 1929 ukazuka ugomvi mkubwa baina ya wamisheni na Wakikuyu juu ya mila ya kutahiri wasichana. Wamisheni wakataka watu waape kuiacha, la sivyo watoto wao wasisome. Wengi wakatoka. Mila ile yenyewe sheria za nchi hii zinaikataza leo, na sina haja ya kuitetea. Ninalolitazama ni walichokifanya baada ya kutoka. Walichanga fedha, wakakata miti, wakajenga shule zao wenyewe chini ya vyama viwili, kile cha shule huru, KISA, na kile cha Karing'a. Mwaka 1939 kikafunguliwa chuo cha walimu huko Githunguri, chini ya Mbiyu Koinange, ili shule hizo zisikose walimu. Mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, serikali ya kikoloni ikazifunga.

Msomaji wa pwani atakuwa amekwisha kumbuka la kwetu. Miaka ile ile, Mombasa, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa akiandika katika gazeti lake la al-Islah, lililotoka 1932, akiwahimiza Waislamu wasiogope elimu ya dunia ilhali wanashika dini yao. Hofu ya pwani ilikuwa na sababu: shule nyingi zilikuwa za misheni, na mzazi aliona mtoto akiingia kusoma hisabati atatoka amebadilishwa jina. Kwa hiyo bara na pwani walikuwa na swali moja. Vipi tutaipata elimu bila ya kuuza nafsi zetu?

Jibu kubwa la pwani lilikuja baada ya vita vikuu vya pili. Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, jamii ya Mabohora na serikali ya Kiingereza walichanga, ikajengwa Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ile ambayo wazee wetu waliiita MIOME, ikaanza kufundisha ufundi 1951. Baadaye milango ikafunguliwa kwa wote, ikawa Mombasa Polytechnic, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Sasa tazama cha Nyeri. Baada ya uhuru watu wa jimbo la kati walijenga shule za harambee kila kijiji, na mwaka 1972 wakaanzisha Taasisi ya Teknolojia ya Kimathi kwa nguvu za mchango wa wananchi. Mwaka 2007 ikafanywa chuo kishiriki cha Jomo Kenyatta, na 2012 ikawa chuo kikuu kamili. Kwa hiyo kile cha Nyeri na kile cha Tudor ni kama watoto wa mama wadogo: vyote viwili vilizaliwa na michango ya jamii, vyote viwili sasa ni vya serikali.

Nayataja haya kwa sababu tunapozungumza leo juu ya "shule ya binafsi na shule ya umma", tunasema kana kwamba ziko aina mbili tu. Ilikuwapo ya tatu. Shule za KISA hazikuwa za serikali wala hazikuwa za tajiri. Zilikuwa za watu. MIOME nayo haikuwa duka la mtu. Mtoto wa mwenye shamba na mtoto wa kibarua wangeweza kuketi pamoja kwa sababu wazazi wa wote wawili walikuwa wamebeba mawe ya msingi.

Tusipake rangi kupita kiasi, lakini. Harambee yenyewe ilikuwa na tabaka ndani yake. Kijiji chenye kahawa kilichanga zaidi kuliko kijiji cha wasio na ardhi, na wilaya yenye zao la fedha ilijenga shule nyingi kuliko wilaya ya wavuvi na wakwezi wa minazi. Hii ni sababu mojawapo ya jimbo la kati kutangulia na pwani kubaki nyuma, na wala si kwamba watoto wao wana vichwa zaidi ya watoto wetu.

MLANGO WA KULIPIA

Sasa tuje katika jambo lenyewe. Huko Marekani, mtu akisema alisoma chuo cha kulipia huenda akajivuna. Kenya mambo ni kinyume. Kwa miaka mingi, aliyepata heshima ni yule aliyeingia chuo kikuu cha umma kwa nafasi ya serikali. Wa kulipia ndiye aliyekosa. Lakini teremka hadi shule ya msingi, utakuta mambo yamepinduka. Huko aliye na nacho hulipa katika akademia, na asiye na nacho huenda shule ya serikali.

Weka mambo hayo mawili pamoja, utaona ajabu yake.

Mwaka 2003 serikali ya Mwai Kibaki, mwenyewe mzaliwa wa Gatuyaini, Othaya, iliondoa karo katika shule za msingi. Lilikuwa jambo jema, na zaidi ya watoto milioni moja waliokuwa nje waliingia darasani. Lakini madarasa yalijaa, walimu hawakuongezwa kwa kadiri ile, na wazazi wenye uwezo wakaanza kuwaondoa watoto wao. Akademia zikaota Nyeri, Karatina, Nanyuki na Meru kama uyoga baada ya mvua, na Mombasa vivyo hivyo. Mtoto wa akademia alifundishwa na mwalimu mwenye wanafunzi wachache, akafanya majaribio kila wiki, akapata alama kubwa za darasa la nane. Alama hizo zikamfungulia shule ya kitaifa, yaani shule ya serikali iliyo bora, yenye maabara na maktaba. Kutoka huko akaingia chuo kikuu cha umma, akasomea udaktari ama uhandisi. Karo aliyotakiwa kulipa chuoni kwa miaka mingi ilikuwa Sh16,000 kwa mwaka. Sehemu kubwa ya gharama ilibebwa na mlipa kodi.

Mwenziwe aliyesoma shule ya msingi ya serikali kijijini, akapata alama za wastani, aliingia shule ya kutwa ya jirani. Huko maabara ni meza moja na chupa mbili. Akijitahidi sana akapata C+, alama inayomruhusu kwenda chuo kikuu. Lakini zamani ile bodi ya kuchagua wanafunzi, JAB, ilipokea wanafunzi kwa kuhesabu vitanda vilivyoko vyuoni. Aliyefaulu akakosa kitanda aliambiwa hakuchaguliwa. Akitaka kusoma, basi aende chuo cha binafsi, ama aingie kwa mlango wa kulipia uliofunguliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi 1998 na kuigwa na vyuo vingine vya umma, ambao wanafunzi waliuita "parallel". Hapo alilipa mara nyingi zaidi ya yule wa Sh16,000, na huku wanaketi darasa moja wakimsikiliza mwalimu mmoja.

Yaani mwenye nacho alilipa mapema ili asilipe baadaye, na asiye na nacho alisoma bure mapema ili aje alipe baadaye. Wenye nacho waliokosa alama walikuwapo pia katika mlango ule, siwakatai. Lakini wao hawakuuza ng'ombe wala kiwanja. Kodi ya mama muuza viazi sokoni Karatina ilimsomesha mtoto wa mtu aliyekuwa akilipa akademia bila ya kutoka jasho.

Wizara ya Elimu iliiona dosari hiyo. Mwaka 2011 iliweka mgao ili wanafunzi wa shule za msingi za umma wapate nafasi zaidi katika shule za kitaifa. Wenye shule za binafsi na wazazi wakapiga kelele kwamba watoto wao wanaadhibiwa kwa kufaulu. Nao walikuwa na hoja, maana mtoto hachagui akademia, huchaguliwa. Lakini mtoto wa shule ya kijiji naye hakuchagua kijiji.

BENCHI MOJA

Nimeketi na vijana wa vyuo hivi, na wengine ni watoto wa jamaa zetu wa pwani. Ukiwatazama kwa mbali wote ni sawa: suruali za jinsi, mkoba mgongoni, simu mkononi. Ukikaa nao kidogo unaanza kuona mshono.

Wa kwanza ni ulimi. Aliyesoma akademia tangu utotoni huinua mkono darasani bila ya kufikiri, na Kiingereza humtoka kama maji ya bomba. Aliyetoka shule ya kutwa huwa na jibu lakini hulitafsiri kwanza moyoni, na mpaka amalize, mwenziwe amekwisha jibu. Mtoto wetu wa pwani ana mkasa wake hapa. Kiswahili chake huwafurahisha wote. Atasifiwa na kuombwa aseme tena. Akifika kwenye kazi ya darasa, sifa zile hazimsaidii kitu.

Wa pili ni chumba. Vitanda vya ndani ya chuo havitoshi, na aghalabu wa mwaka wa kwanza ndio hufikiriwa kwanza. Wengine hupanga nje ya lango. Huko nje ndiko tabaka linakokaa waziwazi. Yuko anayepanga chumba chenye choo na jiko ndani, peke yake, na mtandao wa kompyuta umeunganishwa. Wako watatu katika chumba cha mbao, wanapika zamu zamu, na wakati wa mitihani taa ikizimika wanasoma kwa mwanga wa simu.

Wa tatu ni saa za njaa. Mkopo wa HELB, ile bodi ya mikopo ya elimu ya juu iliyoundwa 1995, ukichelewa, mwenye nacho hupiga simu nyumbani. Asiye na nacho hupunguza mlo. Huanza kwa kuacha chai ya asubuhi, kisha mlo wa mchana unageuka chapati moja na maharagwe ya kugawana. Mwalimu humwona amesinzia darasani akadhani ni mvivu.

Wa nne, na ndio nionao mzito zaidi, ni jinsi vijana wenyewe wanavyoyaeleza mambo haya. Yule aliyepitia akademia na shule ya kitaifa huamini kwa dhati kwamba yuko pale kwa akili zake tu. Hasemi uongo, alisoma kweli, usiku na mchana. Lakini haoni ngazi aliyopandia kwa sababu aliizoea tangu mdogo. Na yule wa shule ya kutwa huamini kwamba alama zake ndogo ni kipimo cha kichwa chake. Wote wawili wamekosea, na kosa la huyu wa pili ndilo linaloumiza, maana humfanya anyamaze miaka minne.

Mahali pamoja nilipoona mambo haya yakilegea ni katika swala na futari. Mwezi wa Ramadhani wanafunzi Waislamu huchanga, wakafuturu katika sinia moja. Pale hapana wa akademia wala wa kijiji. Mkono wa mwana wa daktari na mkono wa mwana wa mvuvi hukutana katika wali mmoja. Ni jambo la kumshukuru Mwenyezi Mungu. Lakini sinia likiisha oshwa, kila mmoja hurudi katika chumba chake, na vile vyumba havikubadilika.

MIZANI MPYA YA SERIKALI

Huenda msomaji akasema hayo ya "parallel" ni ya zamani. Kweli, yamebadilika, na ni vizuri tueleze yalivyobadilika.

Mwaka 2016 Waziri wa Elimu, Fred Matiang'i, alibana udanganyifu katika mitihani. Idadi ya waliopata C+ na zaidi ikaporomoka hadi 88,929, na waliopata alama ya A nchi nzima walikuwa 141 tu. Ghafla vyuo vikawa na viti vingi kuliko wanafunzi. Kuanzia hapo idara ya KUCCPS, iliyoshika nafasi ya JAB, iliwapangia vyuo wote waliofaulu, hata katika vyuo vya binafsi, na serikali ikawalipia. Mlango wa "parallel" ukaanza kuota nyasi, na vyuo vilivyokuwa vikitegemea fedha zake vikaingia katika madeni.

Je, tabaka liliondoka? Halikuondoka, lilihama chumba. Zamani swali lilikuwa nani ataingia chuo kikuu. Sasa swali ni nani atasomea nini. Kozi zenye nafasi chache na kazi nzuri mbeleni, kama udaktari, ufamasia na uhandisi, huenda kwa wenye alama za juu kabisa, ambao wengi wao ndio wale wale waliopanda ngazi ya akademia na shule ya kitaifa. Wengine hugawiwa kilichobaki.

Kisha mwaka 2023 serikali ya Rais William Ruto ikaleta utaratibu mpya wa kugharamia vyuo. Karo ya Sh16,000 kwa wote iliondoka. Kila kozi ilipewa bei yake halisi, na mwanafunzi wa chuo cha umma akapimwa hali ya nyumbani kwao: aliye maskini zaidi apate ruzuku kubwa na mkopo, mwenye uwezo alipe zaidi. Anayechagua chuo cha binafsi hana tena ruzuku ile. Ana mkopo tu.

Kwa maneno mengine, kwa mara ya kwanza serikali ilisema waziwazi kwamba wanafunzi si sawa mifukoni mwao na isiwatoze sawa. Fikra hiyo siilaumu, maana ndiyo dawa ya ugonjwa nilioueleza. Taabu iko katika mizani. Utampimaje mtu ambaye hana hati ya mshahara? Mvuvi wa Vanga ana mwezi wa samaki na mwezi wa upepo. Mchuma kahawa wa Tetu hulipwa kwa msimu. Mtoto yatima aliyesomeshwa shule ya kitaifa na msamaria mwema akijaza fomu, jina la ile shule laweza kumfanya aonekane mwana wa tajiri. Na tajiri mwenye biashara isiyo na hesabu aweza kuandika kwamba hana kitu. Malalamiko yakazidi, wanafunzi wakaandamana, kesi ikafunguliwa, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema utaratibu ule unakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa.

Hata iweje huko mbele, tumejifunza jambo. Ni vigumu sana kurekebisha mlangoni mwa chuo yale yaliyoharibika miaka kumi na miwili nyuma yake.

SISI JE?

Sasa nirudi kwetu pwani, maana ni rahisi kusimama Mombasa na kuinyoshea Nyeri kidole.

Katika miaka hii sisi pia tumejenga. Zimezuka shule zinazochanganya elimu ya dini na ya dunia, zenye sare nzuri na mabasi ya rangi. Zimeondoa ile hofu ya wazee wetu, na mtoto hutoka na juzuu zake na hesabu zake. Nazisifu. Lakini tazama karo yake, kisha hesabu ni watoto wangapi wa mtaa ule ule, wanaoswali katika msikiti ule ule, wanaoweza kuingia. Mwana wa mwenye duka yuko ndani ya ua. Mwana wa mbeba mizigo yuko katika shule ya serikali iliyo upande wa pili wa barabara, na paa lake linavuja. Baada ya miaka kumi na miwili watoto hao wawili watakutana Nyeri ama Chuka ama Meru, na mmoja atakuwa anasema na mwengine anasikiliza. Tutalaumu nani? Si Wakikuyu, wala si KUCCPS.

Tunatoa zaka, tuna wakfu, tuna harambee za harusi ambazo kwa usiku mmoja hukusanya fedha za kuezeka madarasa. Mara nyingi sadaka ya elimu tunaitoa mwisho wa safari: kijana amekwisha pata barua ya chuo, karo imemshinda, imamu anatangaza baada ya swala ya Ijumaa. Tusiache kutoa, maana anayezama huokolewa kwanza. Lakini shilingi ile ile ikitolewa mapema, kwa mwalimu wa ziada wa hisabati katika shule ya msingi ya Likoni ama kwa maabara ya shule ya kutwa ya Msambweni, ingezuia wangapi wasizame?

Watu wa Nyeri walilijua hilo 1929 na wakalijua tena 1972. Babu zetu walioichangia MIOME walilijua. Hawakungoja mtoto afike mlangoni, walijenga mlango. Tofauti ni kwamba wao walijengea watoto wa jamii nzima, nasi tumezoea kila mmoja kumjengea wake.

Mambo mengine ni madogo na yako mikononi mwetu. Mzazi ambaye mwanawe anajaza fomu ya mkopo amwambie aandike kweli. Mwenye uwezo anayejifanya fukara hadanganyi serikali peke yake. Anakula ruzuku ya yatima, na hukumu ya anayekula mali ya yatima tunaijua. Chuo kinachopokea wanafunzi kutoka shule za namna mbalimbali kiwe na mafunzo ya mwanzo ya lugha na kompyuta, bila ya kumwaibisha anayeyahitaji. Na kijana aliyelelewa katika akademia, akiketi na mwenziwe wa shule ya kutwa katika kazi ya kikundi, amngoje amalize kutafsiri moyoni. Huenda jibu analo.

Dedan Kimathi mwenyewe, aliyezaliwa kijiji cha Thege, Tetu, mwaka 1920, aliingia shule ya misheni ya Tumutumu na hakumaliza. Akafundisha kwa muda, kisha akaenda msituni, na Wakoloni wakamnyonga Februari 1957. Leo jina lake liko juu ya lango la chuo kikuu. Kila asubuhi wanapita chini yake watoto waliolipiwa kila kitu tangu chekechea na watoto waliofika kwa mchango wa kijiji. Lango haliwatofautishi. Sisi tuliowapeleka ndio tuliowatofautisha, na wale walioko darasa la kwanza hivi sasa bado hatujachelewa kwao.